Mbuyu wa Tadjo na kijana wa kuzika

Nilianza kusoma In the Company of Men ya Véronique Tadjo (kwa Kifaransa kilitoka 2017) nikidhani nasoma tu habari za Ebola ya Guinea, Liberia na Sierra Leone, ile ya 2014 hadi 2016 iliyoua watu zaidi ya 11,000. Nilipofika kwa vijana wa kuzika maiti nikafunga kitabu, nikaenda kuosha vyombo. Vyombo vyenyewe vilikuwa safi.

Sababu naijua. Septemba 2018 nilitumwa Ukara, baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka na watu zaidi ya 220 kufa. Kazi yangu ufukweni ilikuwa kuhesabu. Habari ikatoka, nikapongezwa, nikapangiwa nyingine. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimeacha kula sato, na mimi nilikuwa nasema tu kwamba siku hizi harufu ya samaki inanikera. Wale wavuvi walioopoa watu kwa mitumbwi yao, sijui nani aliwauliza chochote.

Hapo ndipo Tadjo aliponikamata. Watu wake wa mstari wa mbele hawaongelei “majeraha ya moyo”. Wanaeleza kazi: joto ndani ya suti, dawa ya kupulizia, mfuko wa maiti, kaburi. Nimehoji watu wengi baada ya ajali, na aliyeumia kweli huanza hivyo hivyo, kwa vifaa. Yaliyobaki unayasikia anaponyamaza.

Ila jamani, huo mbuyu! Mti unapewa kusema na kukifunga kitabu, halafu popo anasema, na kirusi nacho kinasema. Nia naielewa: tunakata misitu, tunayasogelea magonjwa. Lakini kirusi kinapotoa hotuba juu ya ubaya wa binadamu, mimi namtafuta yule kijana. Amelala? Anakula? Mama yake bado anampa chakula kwa sahani ileile? Amesimama mara moja kama shahidi mahakamani, akaitwa mwingine. Anayerudi ni mti. Kwangu mimi ni kinyume: mti hukaa kimya, na anayerudi saa tisa usiku ni yule uliyemhesabu.

Kisomeni hata hivyo, ni cha jioni mbili tu. Mkifika kwa wale vijana msiwaruke. Mimi mara ya kwanza niliwaruka.