Kusadikika na Haki ya Kusikilizwa

Tunapotaja utamaduni wa taifa, mara nyingi fikira zetu huelekea kwenye ngoma, mavazi, vyakula na sanaa za mikono. Hayo yote yamo katika utamaduni. Lakini namna mtu anavyosema mbele ya mkubwa wake, na namna mkubwa anavyomsikiliza mdogo, nayo imo; tena ndiyo inayotufunulia zaidi tabia ya taifa. Kwa sababu hiyo demokrasia na usawa ni malezi ya kila siku, hata katika miaka ambayo hakuna uchaguzi. Ili kulichunguza jambo hili tumeichagua Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotolewa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza.

Kusadikika ni nchi ya kubuni iliyo angani. Humo Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliopata kutumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, ili walete maarifa ya kuistawisha nchi. Wajumbe hao walipata taabu nyingi, wakarudi na mashauri mema. Ujira wao ukawa kifungo.

Wasomaji wengi wameiona hadithi hii kuwa ni lawama iliyofichwa dhidi ya ukoloni. Maoni hayo yana msingi. Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumewatwika wageni ugonjwa wote na kujitoa sisi wenyewe. Mwandishi anaonyesha jambo liwezalo kuipata nchi yoyote: mahali ambapo kusema kweli ni hatari, watu hujifunza kusifu. Sifa zikizoeleka huwa desturi, na desturi ikikomaa huitwa adabu. Mwenye busara hunyamaza, mnafiki hupanda cheo, na mtawala hukosa wa kumwonya. Hivyo ukosefu wa usawa haumdhuru mnyonge peke yake. Humtia upofu hata mwenye enzi. Wajumbe walipoteza uhuru wao, na nchi nzima ikapoteza maarifa yao.

Lugha yetu yenyewe inashuhudia mvutano huo. Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Wahenga hao hao walisema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Methali zote mbili ni urithi wetu. Basi adaiye kwamba usawa ni jambo geni kwetu amesoma nusu ya urithi huo, na adaiye kwamba jadi yetu yote ilikuwa usawa amesoma nusu ya pili. Ni juu ya kila kizazi kuchagua methali ipi itawale maisha yake.

Riwaya hii ina upungufu ambao yafaa tuuseme. Mwishoni Karama anaachiliwa na wafungwa wanafunguliwa. Twafurahi, lakini haki hiyo imetoka wapi? Imetoka kinywani mwa mfalme aliyeshawishika. Hatuonyeshwi chombo chochote cha kumzuia mfalme ajaye asirudishe vifungo vile vile. Haki itolewayo kwa huruma ya mtu mmoja yaweza kuondoka pamoja naye. Hata hivyo, dawa ya upungufu huo imo katika kosa lenyewe la Karama: sheria ikijulikana na watu wote, raia hana haja ya kungoja moyo wa mfalme ulainike.

Historia ya Tanzania yatupa mfano wa kupimia fikira hiyo. Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kukusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Lakini tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo wawezao kuuliza: je, huko si kuwadharau walio wengi? Sisi twaona kwamba wengi wana haki ya kuamua nani aongoze, lakini hawana haki ya kuwafunga wachache midomo. Karama alikuwa mmoja mbele ya baraza zima. Lau baraza lingepiga kura kabla ya kumsikiliza, Kusadikika isingejifunza neno.

Mtihani wa fikira hizi waanzia darasani. Mwanafunzi aisomaye Kusadikika ili akariri majina ya wajumbe tu aweza kufaulu mtihani bila kuielewa riwaya. Mwalimu anayemruhusu mwanafunzi kumpinga kwa hoja na kwa heshima, naye akamjibu kwa hoja, anaifundisha vema kuliko mwenye kuisifu ubaoni. Vijana wakizoea hivyo, watakapokuwa viongozi hawatahitaji kusifiwa, na watakapokuwa raia hawataogopa kuuliza.