Upande wa Dawa

Fundi mzuri wa kuskani picha za zamani utamtambua kabla hajawasha mashine, kwa jinsi anavyoshika negativi. Kipande cha filamu ya milimita 35 anakibana kwenye kingo zenye matundu, kidole hakigusi katikati. Anakielekeza dirishani, anakiinamisha kidogo. Upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Huo uliofifia ndio wenye dawa, ndio wenye picha, na ukikwaruzwa umekwaruzika. Vumbi analipuliza kwa kipulizio cha mpira, kamwe si kwa mdomo, maana tone la mate linaacha alama mbaya kuliko vumbi lenyewe. Kiangazi cha Kamina, Kongo, kinamfanya arudie kazi hiyo kwa kila fremu.

Namheshimu sana mtu wa namna hii. Kamina ni njia panda ya reli: njia za Lubumbashi, Ilebo na Kabalo zinakutana hapa, na reli ilileta familia za kila upande. Nyingi zimebaki na picha za karatasi tu, kwa kuwa kwa desturi negativi zilikaa studio. Ikipatikana hata moja, inastahili kushughulikiwa taratibu.

Chukua bibi harusi aliyepigwa picha saa sita mchana. Kwenye karatasi gauni limekuwa doa jeupe, na uso chini ya shela umezama gizani. Aliyesafisha picha alilazimika kuchagua, kwani karatasi haibebi jua kali na kivuli kizito kwa pamoja. Kwenye negativi mambo yamegeuka: gauni ni weusi mzito, uso unakaribia kuwa wazi kama kioo. Fundi anapitisha mwanga, anarekebisha, anapitisha tena, mpaka lesi ya gauni inaonekana uzi kwa uzi na shavu linapata umbo. Kama filamu haikupata mwanga wa kutosha siku ile, uso hautatoka, naye hatauchora.

Hesabu ya pikseli peke yake inadanganya. Fremu ya milimita 24 kwa 36, ikiskaniwa kwa nukta 2,400 kwa inchi, inatoa takriban pikseli 3,400 kwa urefu. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15, kwa nukta 600, inatoa kama 3,500. Zinalingana, lakini karatasi ilishapoteza lesi kabla ya skana kuiona.

Hata hivyo fundi haidharau karatasi. Mgongo wake una muhuri wa studio, tarehe, jina lililoandikwa kwa kalamu, basi anauskani nao. Karatasi yenye vinundu kama kitambaa inarudisha mwanga ovyo. Anaiskani mara mbili, mara ya pili ameigeuza kichwa chini, kisha anaziunganisha ili vivuli vya vinundu vipungue. Na filamu ya nyeusi na nyeupe haiachii programu ya kufuta vumbi kwa infraredi, kwa sababu fedha iliyomo inaizuia miale hiyo na programu inaona picha yenyewe kuwa uchafu. Nukta baada ya nukta, anafuta kwa mkono.

Kamina iko katika nchi ya Waluba, nayo ilipigwa picha mapema. Mmisionari W.F.P. Burton, aliyeanza kazi Mwanza ya Kongo mwaka 1915, alipiga nyingi, na mkusanyiko wake uko Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Nchini Uganda, mwaka 2011, Andrea Stultiens na Canon Griffin Rumanzi kupitia History in Progress Uganda walianza kuskani makusanyo ya watu na kuyaweka Facebook, wenyewe wayaone. Kazi kama hiyo naitamani kwa albamu za Kamina.

WhatsApp inabana picha, kwa hiyo kwa ndugu walio mbali fundi anatengeneza nakala ndogo na kuituma kama faili. Ile kubwa, ambayo haijakatwa wala kunolewa, anaihifadhi kwenye diski mbili, moja anaikabidhi familia pamoja na negativi yao, ikiwa ndani ya bahasha mpya ya karatasi.