Kompyuta Moja, Mifumo Miwili: Kazi Iko Langoni

Mwalimu wa somo la kompyuta wilayani Same, awe Hedaru kando ya barabara kuu au Mamba juu milimani, ana kikwazo kisichoandikwa kwenye muhtasari wowote. Wanafunzi wake wanatakiwa wajue mfumo endeshi ni nini, unasakinishwaje, na unagawaje kumbukumbu na diski. Lakini kompyuta za maabara ni chache, zote zina Windows, na ndani yake mna alama za mitihani na barua za ofisi. Hakuna atakayemruhusu kijana wa kidato cha tatu azifomati ili ajifunze kusakinisha Linux. Basi somo linabaki ubaoni.

Njia ya kutoka hapo ipo, haidai ada ya leseni, na msingi wake una zaidi ya miaka 50. Ni kompyuta pepe: kompyuta ya pili inayojengwa na programu ndani ya ile uliyonayo, ikiwa na RAM yake, diski yake na kadi yake ya mtandao, nawe unaisakinishia mfumo unaoutaka. Windows inabaki ilipokuwa. Linux inafunguka kwenye dirisha kama programu nyingine yoyote. Mwanafunzi akiiharibu, unaifuta na kuanza upya. Inafaa kuelewa jambo hili lilivyofanyika, kwa sababu anayejua linavyofanya kazi ndiye atakayeweza kulitumia kwenye mashine ndogo iliyochoka.

Mfumo unaodhani uko peke yake

Kila mfumo endeshi umeandikwa kwa imani kwamba kompyuta yote ni yake. Ndio unaoamua programu ipi ishike prosesa sasa hivi, kipande kipi cha kumbukumbu ni cha nani, na lini diski iandikwe. Prosesa za Intel na AMD hulinda mamlaka hayo kwa ngazi. Ngazi ya 0 ni ya kiini cha mfumo, ngazi ya 3 ni ya programu za kawaida. Programu ya kawaida ikijaribu kutoa amri ya ngazi ya 0, prosesa huikatiza na kukabidhi suala hilo kwa kiini.

Sasa tunataka kuweka mfumo wa pili, mgeni, juu ya mwenyeji, na mgeni asijue kwamba amenyang'anywa mamlaka. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiga kompyuta nzima kwa programu: kila amri ya mgeni inageuzwa kuwa amri nyingine ambazo mwenyeji anaweza kuzitekeleza. QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, inaweza kufanya hivyo hata mgeni akiwa ameandikiwa prosesa ya ukoo mwingine kabisa. Gharama yake ni kasi, kwani amri moja ya mgeni inaweza kuzaa nyingi za mwenyeji. Njia ya pili ni kumwacha mgeni atumie prosesa halisi moja kwa moja, na kumkatiza pale tu anapogusa kitu cha wote. Kompyuta pepe tunazozitumia leo zimesimama juu ya njia hii ya pili.

Wanaolima kwenye miteremko ya Upare Kusini wanalijua wazo hili kwa mikono. Ndiva, yaani bwawa dogo la maji, hukusanya maji ya kijito usiku, asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka mferejini kwa zamu. Yakishaingia shambani kwako, hakuna anayekuuliza unamwagilia mahindi au maharage. Usimamizi uko langoni na kwenye zamu. Kama msimamizi angetakiwa kubeba kila ndoo mwenyewe, mashamba yangekauka. Kama lango lisingekuwa na mwenyewe, wa juu angemaliza maji na wa chini akose. Programu ya kompyuta pepe inafanya kazi ya langoni. Ubora wake unapimwa kwa mambo mawili: mgeni anaachwa afanye kazi bila kuingiliwa kwa muda mwingi kiasi gani, na je, ipo nafasi hata moja ya kupita pembeni ya lango?

Prosesa iliyokuwa na upenyo

IBM walilifanya hili mapema. Kituo chao cha Cambridge, Massachusetts, kilianza kuutumia mfumo wa CP-40 mwaka 1967, ukigawa kompyuta moja ya ukoo wa System/360 kuwa kompyuta pepe 14. Mwaka 1972 walitangaza VM/370 kwa wateja wao. Miaka miwili baadaye, Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika sharti lenyewe kwa lugha ya hisabati: kila amri inayogusa hali ya mashine nzima lazima iwe miongoni mwa zile zinazokatizwa zinapotolewa na asiye na mamlaka. Sharti hilo likitimia, lango halina upenyo.

Prosesa za kompyuta za mezani hazikulitimiza. Mfano ulio wazi ni amri iitwayo POPF. Mfumo ulio ngazi ya 0 huitumia, pamoja na kazi nyingine, kuruhusu au kuzuia vifaa kuikatiza prosesa. Ikitolewa na asiye na mamlaka, prosesa haimkatizi wala haitoi taarifa ya kosa. Inapuuza tu sehemu ile ya ombi na kuendelea. Mgeni anaamini amezuia, kumbe hakuna kilichozuiwa, na msimamizi hana habari kwamba jambo limeombwa. Uchambuzi wa prosesa ya Pentium uliochapishwa mwaka 2000 ulihesabu amri 17 za namna hii. Hapo tunaona kwa nini teknolojia iliyokuwa imekomaa kwenye kompyuta kubwa za IBM ilichelewa kwa karibu miaka 30 kufika mezani.

Waliovunja ukuta huo ni kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998 na watu watano, wakiwamo Diane Greene na Mendel Rosenblum wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1999 walitoa VMware Workstation. Mbinu yao ilikuwa ya mchanganyiko: programu za kawaida za mgeni ziliachwa ziende moja kwa moja kwenye prosesa, lakini kiini cha mgeni kilisomwa kipande kwa kipande kabla ya kutekelezwa, na kila amri korofi ikabadilishwa kwa nyingine inayopita kwa msimamizi. Tafsiri hiyo ilihifadhiwa, hivyo kipande kikirudiwa hakikuhitaji kutafsiriwa tena. Ni kazi ya akili kubwa: walijenga lango la programu mahali ambapo chuma kilikuwa kimeacha upenyo.

Watengenezaji wa prosesa walifuata. Intel walileta VT-x mwishoni mwa 2005, AMD wakaleta AMD-V mwaka 2006. Sasa prosesa ina hali maalumu ya mgeni: kiini chake kinakaa ngazi ya 0 kama kilivyozoea, lakini mambo ambayo msimamizi ameyateua yakiguswa, prosesa inamtoa mgeni na kumrudishia msimamizi hatamu. Kumbukumbu nayo ilipata msaada kama huo, AMD mwaka 2007 na Intel mwaka 2008: prosesa yenyewe inatafsiri anwani mara mbili, kutoka ile anayoiona mgeni hadi mahali halisi kwenye RAM. Kabla ya hapo msimamizi alilazimika kutunza nakala ya majedwali yote ya anwani ya mgeni, na hapo ndipo kasi nyingi ilipopotea.

Baada ya chuma kusaidia, programu zikawa nyepesi kuandika. KVM iliingia kwenye kiini cha Linux mapema 2007. Mwaka huohuo kampuni ya Ujerumani, Innotek, ilitoa VirtualBox ikiwa na msimbo huria. Baadaye ikapita kwa Sun, kisha kwa Oracle mwaka 2010. VMware Workstation nayo haitozwi malipo tangu Novemba 2024.

Kwenye meza ya Same

Tuseme una kompyuta ya mtumba, prosesa ya Intel i5, RAM ya GB 8, Windows 10. Kagua lango la chuma kwanza. Fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza CPU, usome mstari wa Virtualization. Ukisema Disabled, zima kompyuta, iwashe na uingie BIOS, mara nyingi kwa F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell na F1 kwenye ThinkPad, uwashe VT-x. Mafundi wengi hukata tamaa kabla ya hapa wakidhani mashine ni ya zamani mno, ilhali ni swichi tu iliyozimwa. Matoleo ya sasa ya VirtualBox hayawezi kufanya kazi bila hiyo.

Kikwazo cha pili ni Windows yenyewe kulishika lango. Hyper-V, programu ya kompyuta pepe ya Windows yenyewe, au kinga ya kumbukumbu inayoitegemea, ikiwa imewashwa, VirtualBox inalazimika kupitia kwake. Utaiona alama ndogo ya kobe chini ya dirisha la mgeni, na mwendo utakuwa wa kobe kweli. Kwenye kompyuta ya mafunzo isiyo na siri, unaweza kuizima Hyper-V. Kwenye kompyuta ya ofisi, fikiria usalama kwanza.

Kisha gawa RAM kwa haki. Prosesa inagawika kwa zamu, lakini RAM aliyopewa mgeni mwenyeji huikosa muda wote mgeni anapokuwa hai. Usimpe mgeni zaidi ya nusu. Kwenye GB 8, mpe GB 2 au 3, na Linux yenye mandhari nyepesi itakwenda vizuri. Kwenye GB 4, mpe GB 1 na umsakinishie Debian, mojawapo ya aina za Linux, bila mandhari ya picha. Ukipita hapo mwenyeji ataanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na mifumo yote miwili itakwama pamoja.

Kuhusu bando: faili la kusakinishia Ubuntu ya mezani linazidi GB 5, wakati Debian ndogo haifiki GB 1 na Alpine iliyoandaliwa kwa kompyuta pepe haifiki MB 100. Pakua mara moja tu mahali penye mtandao mzuri, linganisha alama ya SHA-256 ili ujue faili limefika zima, kisha lisambaze kwa flashi. Flashi ya muundo wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, kwa hiyo ifomati kwanza kuwa exFAT. Na hakuna haja ya kusakinisha mgeni kwenye kila kompyuta: msakinishe kwenye moja, mfungashe kuwa faili la OVA, kisha mwingize kwenye nyingine zote.

Faida kubwa kwa shule iko kwenye mtandao wa ndani. Unda wageni wawili wa Alpine, kila mmoja MB 256, na uwaunganishe kwa chaguo la Internal Network. Mmoja awe seva ya kurasa, mwingine mteja. Wanafunzi watapanga anwani, watajaribu ping, wataona seva ikijibu na watajifunza kutafuta hitilafu, bila waya, bila swichi na bila intaneti. Kabla ya kila kipindi piga picha ya hali ya mgeni, ile snapshot: kuanzia hapo mabadiliko yote yanaandikwa kwenye faili la pembeni, na kurudi nyuma ni kulitupa faili hilo. Lakini picha hiyo hailindi dhidi ya diski kufa, kwani inategemea faili la awali. Nakala iwe kwenye diski nyingine. Umeme nao ukikatika ghafla unaweza kuharibu diski ya mgeni, kwa hiyo mgeni mwenye kazi ya maana akae kwenye kompyuta yenye betri au UPS.

Kuokoa mashine, kuokoa kazi

Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, na prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache, hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Kompyuta za namna hiyo zimejaa mashuleni na kwenye steshenari. Ushauri wangu ni kugeuza nafasi: Linux iwe mwenyeji, inayoingia kwenye mtandao na kupata masasisho, na Windows ya zamani iwe mgeni aliyekatiwa mtandao, kwa ajili ya programu ile moja ya hesabu isiyo na mbadala. Leseni ya Windows bado inahitajika hata kwa mgeni. Mashine hiyo itaishi miaka mingine bila kuwa mlango wa virusi.

Njia hiyohiyo inaokoa kumbukumbu zetu. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ni programu ya zama za Windows XP. Anayetaka kuiona ikifanya kazi leo, asome menyu zake na ajifunze kwa waliotangulia, atahitaji mfumo wa wakati ule. Na mgeni ndani ya kompyuta pepe ndiye anayeweza kumpa.

Seva zinazokodishwa kwenye vituo vikubwa vya data, za hapa nchini na za ng'ambo, kwa sehemu kubwa ni kompyuta pepe zilizojengwa kwa misingi hii: lango la chuma, mgawo wa kumbukumbu, diski ambazo ni mafaili, mitandao ya ndani. Kijana wa Suji au Kisiwani aliyezijaribu akiwa shule, kwenye kompyuta ya mtumba, ataingia kwenye kazi hizo akijua kinachoendelea chini ya vidole vyake. Kwa hiyo walimu wa kompyuta wasisubiri maabara mpya. Waanze na mashine moja, waiwashe VT-x, wamsakinishe mgeni mmoja, na wamwache mwanafunzi amvunje na kumjenga tena mpaka aelewe.