Namna ya Kupima Santuri Iliyoacha Ngurumo

Kundi la bluzi na roki lililozoea ngurumo za umeme linapoyashika magitaa makavu, msikilizaji mwenye pupa hulihukumu kuwa limeishiwa nguvu. Nami naiona hukumu hiyo kuwa dhuluma, kwa kuwa umeme husitiri aibu nyingi za vidole, na auwekaye kando ameridhia kusikilizwa bila pazia. Kielelezo changu ni santuri ya tatu ya Led Zeppelin, iliyotoka Oktoba 1970, ambayo baadhi ya nyimbo zake zilichipuka katika nyumba ya Bron-Yr-Aur huko Wales, isiyokuwa na umeme, walikokwenda mpiga gitaa Jimmy Page na mwimbaji Robert Plant kupumzika. Na wahakiki wengi wa zama zile waliipokea kwa ubaridi.

Kwanza, zitegee sikio nyuzi. Katika “Friends” zimelinganishwa kinyume cha ada, hata zikipigwa wazi, pasipo kidole kuzibana, huafikiana zenyewe. Fundi hodari huacha kila uzi uvume hadi mwisho wa pumzi yake. Fundi dhaifu huukatiza kwa haraka.

Pili, tazama jengo linavyoinuka. “Gallows Pole”, wimbo wa jadi wa mtu aliye chini ya kitanzi, huanza kwa gitaa na sauti ya mwimbaji, kisha mandolini, ngoma na banjo hujiunga, mwendo ukishika kasi hata roho ya msikilizaji ikataharuki. Ala iingiayo bila kuongeza hofu ya yule mahabusi ingekuwa pambo tu.

Tatu, mpime mpiga ngoma, kwani kujizuia ni mtihani mkubwa kuliko kupiga. John Bonham, aliyesifika kwa uzito wa mkono, katika “Bron-Y-Aur Stomp” anagonganisha vijiko, na mdundo haupungui uthabiti hata chembe.

Hatimaye, baada ya “That’s the Way”, wimbo mpole kuliko zote, irudishe sindano kwenye upande wa kwanza, usikilize “Since I’ve Been Loving You”, bluzi ya taratibu ambamo hata mlio wa pedali ya ngoma husikika. Ukiikuta huzuni ile ile katika nyimbo zote mbili, moja ikilia kwa umeme na nyingine ikinong’ona kwa mbao na nyuzi, basi ujue kundi hilo limebadili vazi, na moyo wake ungali pale pale.