Ukimya wa Sifuri: Uhakiki wa Protocol Buffers katika Ubadilishanaji wa Data za Kamusi

Makala haya yanahakiki Protocol Buffers, mfumo ambao Google iliutoa kwa umma mwaka 2008, kwa jicho la mwanaleksikografia badala ya mhandisi. Msingi wake ni rahisi. Mtumiaji huandika faili moja inayoeleza muundo wa taarifa, kwa mfano kwamba ingizo la kamusi lina kidahizo, ngeli na maana. Kompaila huisoma faili hiyo na kuzalisha msimbo wa Java, Python, C++ na lugha nyinginezo. Hivyo, taasisi inayotumia Java hubadilishana data na inayotumia Python bila kila upande kujiandikia kanuni za usomaji.

Ubora mkubwa wa mfumo huu ni kutenganisha jina na utambulisho. Katika umbizo lake la baiti, jina la uga halisafiri; husafiri namba yake. Wataalamu wakiamua kuita “ngeli” kwa jina jingine, data za zamani huendelea kusomeka mradi namba ni ileile. Kwetu sisi, ambao istilahi zetu hubishaniwa upya kila kongamano, hilo si jambo dogo.

Kasoro imo kwingine. Toleo la tatu la lugha ya mfumo huo, lililotoka rasmi mwaka 2016, liliondoa nyuga za lazima. Pamoja nazo, kwa nyuga sahili, liliondoa pia tofauti kati ya uga ulioachwa wazi na uga wenye thamani ya sifuri. Aidha, thamani ya kwanza katika orodha ya thamani teule ni lazima iwe sifuri. Tuchukue orodha ya ngeli inayoanza na A-WA, kama ilivyo mazoea ya vitabu vyetu vya sarufi. Kisha tuchukue nomino “data” yenyewe: wapo wasemao “data hii” na wapo wasemao “data hizi”. Mtafiti makini huuacha uga wa ngeli wazi. Programu ya upande wa pili husoma A-WA, kana kwamba data ni mtu, wala haitoi onyo. Atakayehesabu nomino kwa ngeli atapata A-WA iliyovimba, na kosa hilo litaingia katika ripoti za sera likiwa limevaa sura ya takwimu.

Mwongozo wa mtindo wa mfumo hushauri sifuri itengwe kwa thamani isiyobainishwa. Ushauri ni mzuri, lakini faili inayoukiuka hupita kwenye kompaila bila kipingamizi. Mwaka 2021, kuanzia toleo la 3.15, uwezo wa kutambua kama uga sahili umejazwa ulirejeshwa katika matumizi ya kawaida. Nauona urejesho huo kuwa ungamo la kimyakimya.

Hata hivyo, hautoshelezi kamusi. Kuna nomino ambayo haijachunguzwa, na kuna iliyochunguzwa wataalamu wasiafikiane. Uga wa hiari husema tu kwamba hakuna kilichoandikwa. Hausemi kwa nini. Mradi wa kuunganisha hazina za istilahi za nchi zetu ungepaswa kuandika hivi katika faili yake ya kwanza: sifuri kwa nomino isiyochunguzwa, moja kwa isiyoafikiwa, na A-WA ianzie mbili.