Mwalimu wa Kapsokwony: mlevi au mpweke?

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne akueleze mhusika yeyote anayeshika chupa katika riwaya, naye atakujibu kabla hujamaliza swali: "Ni mlevi." Atatoa mfano mmoja, atapata alama yake, kisha ataruka hadi kwa mhusika wa pili. Miongozo ya riwaya, ile midogo inayouzwa kando ya vitabu vyenyewe, nayo imezoea mtindo uo huo: ni mlevi, ni mpweke, ni mwenye tamaa, ni mvumilivu. Sifa zinapangwa kama bidhaa dukani, kila moja kwenye rafu yake, wala hakuna anayeuliza kama hii imezaliwa na ile.

Wapenzi wa safu hii, leo natetea usomaji mwingine, na mfano wangu ni mwalimu wa Kapsokwony katika riwaya ya Siku Njema ya marehemu Ken Walibora. Riwaya hiyo ilitoka mwaka wa 1996 na ikatahiniwa katika shule zetu za sekondari, kwa hiyo Wakenya wengi waliopita shuleni enzi hizo wanaijua. Inamtoa kijana Tanga, penye bahari na taarabu, inamvusha mpaka na kumleta Kenya akimtafuta baba yake. Safari hiyo inafika mbali na pwani, Kitale na hatimaye Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Huko ndiko aliko mwalimu tunayemzungumzia: mtu aliyeingia kazini na ndoto kubwa, akavunjwa moyo, akazeeka peke yake na pombe ikawa ndiyo mwenzake. Wasioisoma bado sitawaharibia utamu kwa kueleza yaliyosalia.

Mahali penyewe pana maana. Walibora alizaliwa Baraki, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Bungoma, akakulia Cherangany upande wa Trans Nzoia. Kwa hiyo alipomleta kijana wa Tanga hadi Kapsokwony, alikuwa anamleta nyumbani. Kapsokwony ni mji mdogo wa baridi na ukungu, katikati ya Wasabaoti, na ukishuka kidogo kuelekea Kimilili unakutana na Wabukusu. Kila jamii ina lugha yake ya nyumbani. Kiswahili cha vitabu kilipanda mlima huo kikiwa mkononi mwa mtu mmoja hasa, naye ni mwalimu. Tanga mtoto hukutana na Kiswahili jikoni kwa mama yake. Kapsokwony alikutana nacho ubaoni. Mwalimu wa aina hiyo hubeba mzigo usioonekana. Anajaza kichwa mashairi, riwaya na fikra za kuijenga nchi, kisha jioni inafika na hapati wa kuzungumza naye mambo hayo. Majirani ni watu wema, ila mazungumzo yao ni ya mahindi, ng'ombe na kitunguu kimeuzwaje. Mazungumzo hayo yana thamani yake, lakini yeye ana njaa nyingine.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe, maana hii ni safu ya lugha. "Mlevi" limetokana na kitenzi "kulewa". Mzizi umepokea kiambishi tamati -i, na sauti w ikageuka v. Ni jamaa ya "mwizi" kutokana na kuiba, "mlinzi" kutokana na kulinda, na "mvuvi" kutokana na kuvua. Nomino za aina hii humtaja mtu kwa lile alifanyalo daima, kana kwamba ndiyo kazi yake. Ukisema "amelewa" umeeleza hali, nayo huisha usingizi ukiisha. Ukisema "mlevi" umemweleza mtu, na mtu haishi asubuhi.

Linganisha na "mfungwa", "mfiwa", "mtumwa" na "mshtakiwa". Hizi zimejengwa juu ya kitenzi katika hali ya kutendwa, kwa hiyo ndani yake kuna mtendaji mwingine aliyejificha. Mfungwa kuna aliyemfunga. Mtumwa kuna aliyemtuma. Kiswahili, kwa sarufi yake tu, kinatulazimisha tuulize: nani? Lakini neno "mlevi" halina nafasi ya swali hilo. Mtu yuko peke yake na kitendo chake, na hukumu imeshatolewa na mofolojia kabla hata hakimu hajaketi.

Siku hizi vyombo vya habari na wataalamu wa afya wanapendelea "mraibu" na "uraibu". Ni neno zuri lenye historia ya kuchekesha kidogo. Wazee wa pwani walilitumia kwa tambuu: lile jani, popoo, chokaa na tumbaku, vitu vya kutafuna na kuburudisha baraza. Uraibu ulikuwa starehe ya watu waliokaa pamoja. Leo tumelipa kazi ya kutaja kifungo cha mtu mmoja chumbani mwake. Lugha imefuata safari ile ile iliyofuatwa na vinywaji vyetu.

Chukua busaa, kinywaji cha unga wa mahindi uliokaangwa na kimea cha wimbi, kinachojulikana vizuri Bungoma yote. Kwa desturi ya wazee, chungu kiliwekwa katikati, nao wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Hukuweza kunywa bila kumtazama mwenzako usoni. Ukikosa kufika siku mbili, mrija wako ulikuwa mkavu na watu waliuliza uko wapi. Sisemi kwamba chungu hakikuharibu mtu; kiliharibu, tena wengi. Nasema kilikuwa na macho ya watu kukizunguka. Chang'aa haihitaji duara. Inatosha gilasi moja na pembe ya giza. Mwalimu wa Kapsokwony, kama ninavyomsoma, ni mnywaji wa zama hizi: mrija umeondoka, wenzake wameondoka, kimebaki kinywaji. Wahenga walisema upweke ni uvundo. Hawakusema pombe ni uvundo, ingawa waliijua fika.

Hapo ndipo jina la riwaya linapoanza kuuma. Siku njema huonekana asubuhi, tunaambiana hivyo kila siku, na kwa kijana wa Tanga methali hiyo inaweza kuwa faraja. Ila mwalimu anaipinga kwa maisha yake. Asubuhi yake ilikuwa njema kabisa: elimu, ari, heshima ya chaki, jina la "mwalimu" ambalo Julius Nyerere aliliona kubwa kiasi cha kuendelea kulibeba baada ya kuacha darasa na hata alipokuwa rais. Kama asubuhi ingetosha, jioni ya mtu huyu isingekuwa hivi. Kwa hiyo riwaya imebeba methali kwenye jalada na kuihoji ndani ya kurasa. Wahakiki wetu wengi wameisherehekea methali na kumpita mzee wa mlimani aliyeketi pale kama hoja ya upinzani.

Je, Walibora amemtendea haki? Nusu. Tunamwona mwalimu kwa jicho la kijana aliyetoka mbali, na jicho hilo linaona hali kuliko njia. Tunamkuta ameshaanguka. Yale majira marefu ya kuanguka, siku aliyoapa kutogusa na usiku akagusa, barua aliyoiandika wilayani na isijibiwe, tunalazimika kuyajaza wenyewe. Uhalisia wa namna hii hupendeza msomaji kijana, lakini hutoa mwanya kwa yule mtahiniwa wetu kusema "ni mlevi" na kwenda zake.

Mwaka 2012 Walibora alirudi kwa mwalimu mnywaji katika Kidagaa Kimemwozea, nayo ikatahiniwa pia. Mwalimu Majisifu naye hunywa, lakini msiwachanganye wawili hawa. Majisifu ameiba mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Anaishi akiogopa kufichuliwa. Nyumbani anawaonea haya watoto wake wenye ulemavu na kumwachia mkewe Dora mzigo wa kuwalea. Chupa ya Majisifu ni pazia la kujifichia. Mwalimu wa Kapsokwony hana cha kuficha. Ana cha kusema na hapati masikio. Tabia moja, "ulevi", ina asili mbili zilizo mbali kabisa, na mwandishi aliyezitunga ni mmoja. Mwongozo unaowapa wote wawili neno moja umetupotezea nusu ya kazi ya Walibora.

Tukitoka nje ya Kiswahili kidogo, yuko Munira wa Ngũgĩ wa Thiong'o katika Petals of Blood, riwaya ya 1977. Huyu anakwenda kufundisha kijiji cha mbali cha Ilmorog kwa kuwakimbia wengine, akiwemo baba yake tajiri. Naye anapita kwenye pombe ya theng'eta, kisha anaangukia ulokole mkali, na mwisho anaitia moto nyumba ya Wanja. Munira anatuonyesha jambo ambalo miongozo haisemi: unaweza kumwondolea mtu chupa na bado hujamwondolea upweke. Upweke ukibaki, utatafuta chombo kingine cha kunywea.

Najua kuna watakaonijia juu. "Profesa, kwani unataka tuwatetee walevi? Mtoto anayeachwa darasani bila mwalimu akalalamike kwa nani?" Swali ni la haki. Mtoto hastahili mwalimu aliyelewa, na kanuni za ualimu zinazomwadhibu zina sababu yake. Lakini kueleza chanzo si kumtakasa mtu. Daktari akisema homa yako imeletwa na mbu, hajaisifu homa. Kinyume chake, anayekataa kuuliza chanzo ndiye anayehakikisha kesho tutapata mgonjwa mwingine.

Tena chanzo hicho hakikuwa cha kubuni. Siku Njema ilipotoka mwaka 1996, walimu wa Kenya walikuwa wakiambiwa kwamba ualimu ni wito. Mwaka uliofuata, 1997, waligoma, na serikali ikakubali kuwaongeza mishahara kwa kati ya asilimia 150 na 200, kwa awamu. Awamu zilipokwama, mwaka 1998 wakagoma tena. Neno "wito" lenyewe limetoka kwenye kuita, na anayeita hutarajiwa awepo mwitwa anapofika. Mwalimu aliyepanda Mlima Elgon aliitika. Alipofika juu na kuangalia nyuma, aliyemwita hakuwepo. Hiyo ndiyo kuvunjika moyo kunakoelezwa kwenye riwaya, na wako walimu, hata leo, wanaoijua bila kusoma kitabu chochote.

Ndiyo maana jambo hili si la wahakiki peke yao. Fikirieni darasa ambamo mwalimu, huenda mwenyewe alikunywa jana usiku akiwa peke yake katika nyumba ya kupanga, anasimama kuwafundisha watoto sifa za mwalimu wa Kapsokwony. Anaandika ubaoni: "Ni mlevi." Watoto wananakili. Baadhi wanatazamana na kucheka chinichini, kwa maana wanajua. Yeye pia anajua kwamba wanajua. Fasihi, ambayo ingeweza kumfungulia mlango, imempa jina na kumfungia nje.

Basi pendekezo langu kwa watungaji wa mitihani na waandishi wa miongozo ni dogo. Muacheni neno "mlevi" libaki, ni Kiswahili safi, lakini lisiwe mwisho wa jibu. Baada ya "ni mlevi" mtahiniwa aulizwe: alianza kunywa lini, alikuwa na nani, na ni nani katika riwaya aliyewahi kuketi amsikilize hadi mwisho? Mpeni alama mbili kwa swali hilo la tatu. Mwanafunzi atakayelijibu vizuri atakuwa amejifunza kusoma riwaya, na huenda siku moja, katika chumba cha walimu cha shule fulani, akavuta kiti akaketi karibu na mwenzake ambaye wengine wamezoea kumcheka.

Tukutane juma lijalo.