Pongezi kwa Wadarizi wa Maua ya Zawadi
Mdarizi wa mshono wa msalaba, yaani ule ambao mistari miwili ya uzi hukatana kimshazari juu ya kila kijimraba cha kitambaa, huanza kazi ya zawadi kabla ya kushika sindano, kwa kuwa hulazimika kuchagua ua linalomfaa mpokeaji na kuzihesabu herufi za jina lake kutoka katikati, ili lisielemee upande mmoja. Uzi wa pamba wenye nyuzi 6 hutenganishwa, na kwa kawaida 2 tu hutumika kwenye kitambaa cha vijimraba 14 kwa inchi. Mistari ya juu yote hulazwa upande uleule, la sivyo mng'ao wa petali huvurugika, na kosa dogo la kuhesabu huweza kulazimisha safu nzima ifumuliwe, subira ambayo mpokeaji haioni na ambayo inastahili heshima kubwa.